Kabla Giaboksi Haijateleza: Ushauri kwa Wanaojenga Otomatiki za Mbio

Mwezi Machi 1965, katikati ya mbio za saa 12 za Sebring, Florida, mvua ilishuka kwa nguvu iliyogeuza barabara ya mashindano kuwa mto. Gari lililomaliza la kwanza usiku huo lilikuwa Chaparral jeupe kutoka Texas, lililoendeshwa kwa zamu na Jim Hall na Hap Sharp, mbele ya Ford GT40 ya Bruce McLaren na Ken Miles. Chaparral hilo halikuwa na pedali ya klachi. Kati ya injini yake ya Chevrolet na gia kulikuwa na konveta ya toki, kifaa kile kile kinachozungusha oili ndani ya otomatiki za magari ya familia. Dereva alibadilisha gia kwa mkono, ila mguu wake wa kushoto ulibaki bila kazi. Mwaka uliofuata Hall aliupa kazi: kwenye Chaparral 2E, mguu huo ndio uliolaza bawa kubwa la nyuma kila gari lilipoingia sehemu iliyonyooka.

Miaka sitini imepita, na bado wapo vijana wengi wanaoamini kwamba otomatiki ni giaboksi ya foleni na ya wazee. Anayetaka kasi, wanasema, atoe otomatiki aweke manyuo, yaani giaboksi ya kubadilishwa kwa mkono. Viwanja vya mbio za dragi vya Marekani vinatoa ushahidi mwingine. Powerglide, giaboksi ya gia mbili ambayo Chevrolet iliiuza kuanzia 1950 hadi 1973, mpaka leo inatafutwa na wakimbiaji wa robo maili. Na Dodge ilipotoa Challenger SRT Demon ya 2018, gari la nguvu farasi 840 kwa petroli ya mbio na sekunde 9.65 kwenye robo maili, haikuwapa wanunuzi nafasi ya kuchagua manyuo. Gari lilikuja na otomatiki ya gia nane.

Sababu ni mbili. Otomatiki hubadilisha gia bila kukata nguvu inayokwenda kwenye matairi, na hufanya hivyo kwa namna ile ile kila mara. Dereva wa manyuo anaweza kupata uondokaji mzuri mmoja kati ya mitano. Otomatiki iliyojengwa vizuri hutoa mitano inayofanana. Katika mashindano ambayo mkimbiaji hutaja mapema muda atakaotumia, kisha akapimwa kwa muda huo, kufanana huko ndiko kunakoleta vikombe nyumbani.

Lakini otomatiki iliyojengwa vibaya hufa haraka kuliko manyuo yoyote, na karibu kila mara muuaji ni yule yule: kuteleza.

Hesabu ya joto

Ndani ya otomatiki ya kawaida hakuna gia zinazosukumwa kuingia na kutoka. Meno yameshikana muda wote: gia jua ipo katikati, gia sayari zinaizunguka, na nje kuna pete yenye meno ndani. Kinachobadilika ni sehemu ipi imezuiwa isizunguke na ipi imefungwa kwenye shafti inayoleta nguvu. Kazi hiyo ya kuzuia na kufunga hufanywa na klachi za pleti nyingi na bendi, zote zikibanwa na pistoni zinazosukumwa na presha ya oili.

Klachi inaposhika, pleti zake hupishana kwa muda mfupi kabla ya kuzunguka pamoja. Hapo ndipo nguvu hugeuka joto. Tuseme klachi inabeba toki ya Nm 500, na mwanzoni pleti zinapishana kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Zikichukua nusu sekunde kushikana, joto linalozaliwa ni karibu kilojuli 26, linalotosha kupandisha kilo nzima ya chuma kwa zaidi ya nyuzi 50. Zikishikana kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, joto hushuka hadi kilojuli 10 na ushei. Pleti za chuma ni nyembamba, hazina pa kulificha joto hilo. Zikilipokea mara chache tu zinabadilika rangi kuwa bluu, zinapinda, na tabaka la msuguano la pleti jirani linaungua na kubanduka.

Kwa hiyo kila uamuzi wa mjenzi, kuanzia konveta hadi kipoza oili, unapaswa kujibu swali hili: je, unapunguza kuteleza, au unaondoa joto ambalo kuteleza kumekwisha kulizaa? Kifaa kisichofanya lolote kati ya hayo, wala kisichomlinda dereva, kinaweza kusubiri mshahara wa mwezi mwingine.

Karatasi kabla ya spana

Kazi huanza mezani, kwa karatasi. Mjenzi anahitaji kujua uzito wa gari likiwa na dereva, toki ya injini katika kila kiwango cha mizunguko, uwiano wa difu, kipenyo cha tairi, na gari litakimbia wapi. Bila takwimu hizo tano, hata fundi hodari anapiga ramli.

Kinachofuata ni kuchagua giaboksi, na historia inaonyesha kwamba wanamichezo hawakusubiri iliyo kamili. General Motors ilianza kuuza otomatiki ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka wa modeli 1940, na kufikia miaka ya 1950 mafundi wa California walikuwa wanaibomoa na kuiimarisha kwa ajili ya dragi. Kampuni ya B&M ilipata jina kwa giaboksi hizo. Baadaye zikaja zilizo imara zaidi: TorqueFlite 727 ya Chrysler mwaka 1962, Turbo 400 ya General Motors mwaka 1964, C4 na C6 za Ford. Nyingi kati ya hizo bado zina vipuri vipya vya mbio, kuanzia gasketi hadi shafti za chuma kigumu.

Tofauti zake huonekana kwenye namba. Powerglide ya injini za V8 ina gia ya kwanza ya 1.76 na ya pili ya moja kwa moja. Ni nyepesi, ina sehemu chache zinazozunguka, hivyo haili nguvu nyingi. Turbo 400 ina 2.48, 1.48 na 1. Ni nzito zaidi, lakini humpa mwenye gari zito msukumo mkubwa wa kuondokea.

Mjenzi apige hesabu ya mporomoko wa mizunguko. Injini ikibadilishwa gia kwenye mizunguko 7,000, Powerglide inaiangusha kwa hesabu hadi 3,980 hivi. Turbo 400 inaiangusha hadi 4,180 kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha 4,730 kutoka ya pili kwenda ya tatu. Injini ndogo yenye turbo inayoamka juu ya 4,500 itapumua kwa shida ikipewa gia mbili pekee, isipokuwa konveta iiokoe. Gari jepesi lenye V8 kubwa, ambalo tatizo lake ni matairi kuzunguka bure, litaipenda Powerglide kwa sababu hiyo hiyo ya gia ya kwanza isiyo kali.

Kwa wengi Afrika Mashariki, swali linaanzia kwenye gari lililopo nyumbani. Mark II na Chaser zimekuja na giaboksi za familia ya A340 ya Toyota, Subaru nyingi zina otomatiki ya gia nne, na magari mapya ya Ulaya yamebeba 8HP ya ZF, iliyoingia sokoni mwaka 2009. Ushauri wa kweli hapa ni kujenga kwanza giaboksi ambayo vipuri vyake vinapatikana, na ambayo fundi wa karibu amewahi kuifungua mara nyingi. Giaboksi maarufu ya Marekani inayosubiri gasketi bandarini kwa miezi miwili haishindi mbio yoyote.

Konveta ndiyo nusu ya kazi

Mjerumani Hermann Föttinger alibuni konveta ya toki mwanzoni mwa karne ya 20, akiilenga meli. Ndani yake mna magurudumu matatu yenye mapanga. La kwanza limefungwa kwenye injini na hurusha oili. La pili hupigwa na oili hiyo na kuzungusha giaboksi. La tatu, lililo katikati, huirudisha oili kwa pembe inayoongeza toki wakati wa kuondoka. Mpaka magurudumu mawili ya kwanza yakaribiane kasi, konveta inateleza, na katika kifaa hiki kuteleza kwa kiasi ni sehemu ya kazi.

Stoli ni kiwango cha mizunguko ambacho injini hufikia huku upande wa giaboksi ukiwa umezuiwa usizunguke. Konveta ya kiwandani hukaa chini, ili gari liende kwa utulivu mjini. Ya mbio huwekwa juu, ili injini iondoke ikiwa tayari karibu na kilele cha toki yake. Kwa kawaida kadiri kipenyo kinavyopungua ndivyo stoli inavyopanda. Ndiyo maana konveta za dragi huwa za inchi 10, 9 au 8, ndogo mno ukizilinganisha na za kiwandani.

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua konveta kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo si tabia ya konveta peke yake. Konveta iliyopewa jina la 3,500 ikiwekwa nyuma ya injini dhaifu itafika 2,900. Nyuma ya injini yenye turbo kubwa itavuka 4,000. Mnunuzi ampelekee mtengenezaji karatasi ile ya takwimu tano, amwambie pia kama gari litatumika barabarani. Konveta ya stoli ya juu isiyo na klachi ya kufunga ndani yake itapika oili katika foleni ya jioni hata kabla ya kuona uwanja.

Kuteleza kwa konveta mwisho wa mbio hupimika bila kifaa cha gharama. Tairi la kipenyo cha milimita 711 lina mzingo wa mita 2.23. Gari likiwa na kasi ya kilomita 200 kwa saa, tairi hilo linazunguka karibu mara 1,492 kwa dakika. Difu ikiwa 4.10, na gia ikiwa ya moja kwa moja, injini ilipaswa kuwa kwenye mizunguko 6,119. Kama geji ilisoma 6,500, konveta inateleza kwa asilimia 6 hivi, jambo la kuridhisha. Ikisoma 7,000, asilimia 12 na zaidi ya mizunguko inapotea, na injini inafanya kazi ya kuchemsha oili. Tairi laini la dragi hutanuka kwenye kasi kubwa, kwa hiyo kipenyo kipimwe kwa uangalifu kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa konveta.

Ufungaji nao una mtego wake. Konveta imiminiwe walau lita moja ya oili kabla ya kuingizwa, kisha izungushwe taratibu mpaka ikae kikamilifu ndani ya pampu. Giaboksi ikishashikana na injini, konveta lazima ibaki huru, na kuwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla ya kuivuta mbele ikutane na fleksipleti, bamba linaloiunganisha na injini. Kama nafasi hiyo haipo, fundi asivute giaboksi kwa kukaza bolti. Pampu itavunjika kabla gari halijatoka gereji.

Mezani: usafi na fila geji

Giaboksi haina huruma kwa uchafu. Chembe ya mchanga isiyoonekana inatosha kukwamisha valvu moja, na valvu iliyokwama hupunguza presha, na presha pungufu huleta kuteleza. Meza ioshwe, matambara yanayoacha nyuzi yatupwe, na kila seti ya klachi iwekwe kwenye trei yake kwa mpangilio ule ule iliotoka nao. Pete za kuzuia oili na beringi ndogo hushikiliwa kwa vaselini ya kawaida wakati wa kufunga. Grisi ya chasisi haiyeyuki kwenye oili ya giaboksi. Husafiri mpaka kwenye chujio na kuliziba.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili kwa muda wa nusu saa au zaidi. Pleti za chuma ziwekwe juu ya kioo bapa kuona kama zimepinda. Kisha hufuata kipimo cha fila geji ambacho mafundi wengi hukiruka: nafasi iliyobaki ndani ya klachi baada ya kufungwa. Kanuni inayotumika sana kwa giaboksi za mbio ni robo milimita kwa kila pleti ya msuguano, kwa hiyo klachi yenye pleti 5 iwe na milimita 1.25 hivi. Nafasi ikiwa kubwa, pistoni husafiri mbali na klachi huchelewa kushika. Ikiwa ndogo mno, pleti huburuzana hata zikiwa zimeachiwa, na joto huzaliwa pasipo kazi yoyote.

Kuongeza pleti kunaongeza uwezo, kwa sababu kila uso wa msuguano hubeba sehemu yake ya toki. Lakini nafasi ndani ya dramu haiongezeki. Anayetaka kuingiza pleti 6 mahali pa 5 mara nyingi hulazimika kutumia pleti za chuma nyembamba zaidi, na pleti nyembamba hubeba joto kidogo. Kwa gari linalobadilisha gia mara moja au mbili kwenye robo maili, biashara hiyo inalipa. Kwa gari la mzunguko linalobadilisha gia mamia ya mara kwa saa, pleti chache zenye chuma kinene zinaweza kuishi zaidi.

Kabla ya kufunga valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili, fundi apulize hewa ya kompresa, kwa presha ndogo ya psi 40 hivi, kwenye kila tundu la pistoni. Pistoni nzima hutoa mlio mmoja mzito na kutulia. Ikivuja, sauti ya hewa haiishi. Jaribio hilo la dakika tano limeokoa giaboksi nyingi zisishushwe mara ya pili.

Presha, na kompyuta isiyojua

Nguvu ya kubana klachi ni presha ukizidisha na eneo la pistoni. Ndiyo maana mjenzi wa mbio hupandisha presha kuu. Nyingi ya giaboksi za dragi huendeshwa kati ya psi 180 na 250. Presha hiyo huonekana kwa geji ya psi 300 iliyofungwa kwenye tundu la kupimia, na hapana njia nyingine ya kuijua. Ipimwe injini ikiwa imetulia, ipimwe kwenye kila gia, na ipimwe throto ikiwa wazi. Presha inayoporomoka kwenye gia moja tu inaonyesha mahali oili inapovujia.

Presha nyingi kupita kiasi nayo hula nguvu ya injini kupitia pampu, hupasua sili na kuvunja pete. Mjenzi apandishe hadi kuteleza kukome, kisha aishie hapo.

Giaboksi za familia ya A340 zenye waya wa throto humpa fundi onyo la pekee. Waya ule huiambia valvu bodi dereva amekanyaga kiasi gani, na presha hupanda kwa kuufuata. Mwenye Mark II anapobadilisha injini au kufunga throto kubwa zaidi, waya ukabaki umelegea, giaboksi huamini kwamba gari linatembea polepole. Injini inatoa nguvu ya mbio, klachi zinabanwa kwa presha ya kwenda sokoni, na baada ya wiki chache oili inanuka kuungua. Wengi hulaumu pleti za bei nafuu, kumbe waya haukurekebishwa.

Katika otomatiki za kisasa, waya umegeuka mazungumzo ya kompyuta. Kompyuta ya giaboksi huiomba ya injini ipunguze toki kwa muda mfupi sana wakati gia inabadilika, ili pleti zisibebe mzigo wote. Anayefunga kompyuta mpya ya injini isiyoelewa ombi hilo anazikabidhi klachi joto ambalo kiwanda hakikulipanga. Kabla ya kununua kompyuta ya mbio, swali la kwanza liwe kama inazungumza na giaboksi iliyopo.

ZF 8HP inaonyesha jinsi wahandisi wenyewe walivyopigana na kuburuzana. Ina seti 4 za gia sayari na vishikio 5 tu kwa gia nane, na katika kila gia ni vishikio viwili pekee vilivyo wazi. Pleti chache zilizo wazi maana yake ni pleti chache zinazoburuzana ndani ya oili bure.

Sekunde moja juu ya transibreki

Demon ya Dodge ilileta kwenye gari la kiwandani kifaa ambacho wakimbiaji wa dragi walikuwa wakikijenga wenyewe kwa miaka mingi: transibreki. Solenoidi moja hufanya gia ya kwanza na rivasi zishikwe kwa pamoja, shafti ya kutokea ikafungika, na gari likasimama bila kanyagio la breki huku injini ikinguruma kwenye stoli. Dereva akiachia kitufe, rivasi inaachia na gari linaruka.

Katika sekunde hizo za kusubiri taa, gari halisogei, kwa hiyo nguvu yote ya injini inakwenda kwenye oili. Injini inayotoa kilowati 200 kwenye stoli inaweza kupandisha lita 10 za oili kwa nyuzi 12 hivi kila sekunde, na oili iliyo ndani ya konveta yenyewe hupanda haraka zaidi ya hapo. Sekunde mbili ni kazi ya kawaida. Sekunde kumi za kuwaonyesha marafiki zinaweza kumaliza oili mpya kabisa.

Oili ya otomatiki hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hivi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 11 juu ya hapo hupunguza maisha yake kwa nusu. Kipoza oili kikubwa cha nje, chenye feni yake, kwa hiyo kiwe miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, hasa kwa anayeishi Mombasa au Muscat ambako hewa yenyewe ina joto. Kihisi cha joto kikiwekwa kwenye bomba linalotoka kwenye konveta kitaonyesha hali mbaya zaidi. Kikiwekwa kwenye sampo kitaonyesha wastani. Mwenye geji moja aiweke kwenye sampo, lakini asidanganyike kwamba anaona kila kitu.

Rangi nyekundu nayo si kipimo cha oili. Type F ya Ford, Dexron, T-IV na WS za Toyota zote ni nyekundu, ila viungo vyake vya msuguano havifanani. Type F ya zamani hushika kwa ukali, ndiyo maana wajenzi wengi wa dragi huipenda. Oili ya WS imepangwa kwa ulaini. Kitabu cha giaboksi, au mtengenezaji wa pleti, ndiye aamue.

Chuma kinapopasuka

Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kusini mwa California, giaboksi ya gia mbili ya mkimbiaji wa dragi Don Garlits ilipasuka wakati wa kuondoka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Garlits alijenga gari jipya lenye injini nyuma ya dereva, na mpangilio huo ukabadilisha dragi duniani. Funzo kwa mjenzi ni kwamba giaboksi inapokufa ikiwa kwenye kasi, vipande vyake hutoka.

TorqueFlite 727 ina hatari inayofahamika sana. Klachi yake ya upande mmoja ikivunjika kwenye gia ya kwanza, dramu ya mbele inaweza kuzunguka zaidi ya mara mbili ya kasi ya injini na kupasuka kama bomu. Wenye giaboksi hiyo hupasha matairi moto kwenye gia ya pili, hawaachii mafuta ghafla wakiwa kwenye ya kwanza, na hubadilisha dramu kwa ya chuma iliyochongwa. Kinga ya giaboksi yenye muhuri wa usalama wa SFI 4.1 na fleksipleti ya SFI 29.1 zinunuliwe kabla ya shafti ya kifahari. Lever iwe na kizuizi cha rivasi, injini isiwake gari likiwa kwenye gia, na bomba la pumzi liishie kwenye kopo, kwa sababu oili ikimwagika chini ya tairi la nyuma, dereva hana tena gari la kuongoza.

Fedha na fundi

Mpangilio wa matumizi ufuate kuteleza. Kwanza geji za presha na joto, kipoza na kinga. Pili konveta inayolingana na injini. Tatu pleti, sili na valvu bodi. Shafti na dramu za chuma maalumu huja baadaye, pale takwimu zinapoonyesha kwamba za kiwandani zimefika mwisho.

Fundi naye aulizwe mapema: atapima nafasi za klachi na kuziandika? Atapuliza hewa kabla ya kufunga valvu bodi? Atamkabidhi mteja presha za kila gia? Mhenga alisema mali bila daftari hupotea bila habari, na giaboksi ni mali. Fundi anayejibu kwa kuonyesha daftari la kazi zilizopita anastahili bei anayoitaja.

Siku ya kwanza, gari liinuliwe matairi yakiwa hewani, oili ijazwe, na kila gia ijaribiwe huku presha ikiandikwa. Kimo cha oili kipimwe injini ikiwaka: Turbo 400 ikiwa kwenye Park, 727 ikiwa kwenye Neutral kwa kuwa kwenye Park pampu yake hailishi mfumo wote. Uwanjani, mbio ya kwanza iwe ya nusu nguvu, ya pili robo tatu, ya tatu kamili, na baada ya kila moja yaandikwe joto, mizunguko mwishoni na muda. Joto likivuka nyuzi 110, gari lipumzike mpaka lishuke, hata kama foleni ya kuingia inasogea.

Gari likirudi nyumbani, sampo ifunguliwe. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa pleti mpya. Vipande vya rangi ya shaba vinatoka kwenye bushi, na chembe nyeusi zinazosagika kwa kidole ni tabaka la msuguano. Zikionekana hizo, fundi arudi kwenye ukurasa wa presha katika daftari, atafute gia iliyoshuka, na aanze na klachi ya gia hiyo.